TV ya inchi 55 ipi inakula umeme kidogo: LED, QLED, OLED au plazima?

Kisimani: Wakuu, salaam. Naomba ulinganisho wa hizo nne. Plazima ni ya mtumba. Matumizi ni saa 6 kwa siku, mpira na taarifa ya habari, umeme wa LUKU.

FundiWaya: LED na QLED zote ni LCD. Kioo chenyewe hakitoi mwanga, kinapitisha au kuziba mwanga wa taa zilizo nyuma yake, na taa hizo ndizo zinazokula sehemu kubwa ya umeme. Kama TV haiwezi kuzima taa hizo sehemu sehemu, picha nyeusi na nyeupe zinakula karibu sawa.

OLED haina taa za nyuma. Kila nukta inajiwakia, na palipo peusi pamezimika. Filamu ya gizagiza inashusha wati sana, lakini uwanja wa mpira wa mchana au studio yenye ukuta mweupe inazipandisha, na mara nyingi inaipita LED ya saizi hiyo hiyo. Kwa mpira na habari, chukua LED ya kawaida.

Plazima achana nayo kabisa. Inchi 50 inaweza kufika wati 300 picha ikiwa angavu, na spea ni shida: Panasonic walitangaza kuacha kuzitengeneza mwaka 2013.

JuaKali_Moro: Wa sola wasome hapa. Betri ya jeli ya volti 12, Ah 100 (ampea mara saa), ina Wh 1,200 (wati mara saa), na haifai kuishusha chini ya nusu. TV ya wati 100 kwa saa 6 inamaliza Wh 600 zote, bado hujahesabu kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Inchi 32 ya wati 35 inakula Wh 210 tu. Ukipata ya volti 12 moja kwa moja, inveta huihitaji.

Kisimani: LED niliyoiona dukani imeandikwa wati 150 mgongoni. Ndiyo matumizi yenyewe?

FundiWaya: Hapana, kwa kawaida hicho ni kikomo. Ukishainunua, pima hivi: chomoa kila kitu, friji hasa, bakiza TV. Angalia kitaa chekundu cha mita. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, kila mmweko ni Wh 1. Hesabu kwa dakika 6, zidisha kwa 10. Mimweko 9 ni wati 90, yaani uniti (kWh, Wh 1,000) 16.2 kwa mwezi kwa saa zako 6.

Bi_Mwanga: Kabla ya kupima, toa ile hali ya picha kali ya dukani, kisha shusha Backlight (mwanga wa taa za nyuma) hadi nusu. Kwenye TV nyingi Brightness inabadilisha weusi wa picha tu, taa zinabaki zinawaka vilevile, ndiyo maana watu wanashusha na uniti hazipungui. Taa zisizochomwa sana pia zinadumu. Na king'amuzi msikisahau: wati 10 usiku na mchana ni uniti 7.2 kwa mwezi, hata TV ikiwa imezimwa. Zima ukutani.