Kafutia mwiko wa saruji amri ya zuio, mbele ya macho yangu!

Wakuu, nimetoka kiwanjani sasa hivi, mikono bado inatetemeka.

Yule jamaa mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule ambaye akiona kigingi cha jirani anakiona kuni. Kesi yetu iko Baraza la Ardhi na Nyumba, hati ni yangu, na leo nimepewa zuio la muda: asijenge, asiuze, asiguse kitu mpaka maombi yasikilizwe pande zote mbili. Nikakimbia nalo kiwanjani. Nakuta mafundi wanamwaga zege la msingi! Nikampa karatasi. Akasoma mstari wa kwanza, akaikunja, AKAFUTIA MWIKO. Mwiko wenye saruji mbichi! Muhuri wa bluu ukageuka uji wa kijivu.

Masharti ya kupewa zuio hapa Tanzania, yale ya kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe, 1969, nimeyatimiza yote matatu: kuna hoja nzito ya kuamuliwa, hasara yangu pesa haiwezi kuifidia, na bila zuio mimi ndiye nitakayeumia zaidi. Mwenyekiti kakubali, kasaini, kagonga muhuri. Halafu mtu anafutia mwiko! Ananiambia, "Karatasi haizuii zege." Kwa kasi ile kesho nakuta ghorofa kumi na wapangaji washaanza kugombania maji. Mwiko, wakuu. MWIKO!

Kigingi_Imara: Pole mkuu, ila uliipeleka mwenyewe? Amri inapelekwa na msambaza nyaraka, halafu anakula kiapo kwamba kaifikisha. Wewe shahidi wako nani, mwiko?

Mwanzisha uzi: Mafundi wote wameona! Na mwiko nimeupiga picha!

Wakili_wa_Jioni: Acha picha. Fungua maombi aadhibiwe kwa kudharau amri. Kwa Amri ya 37 (ndivyo sehemu zake zinavyoitwa) ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, mali zake zinaweza kukamatwa, na mwenyewe akawekwa ndani kama mfungwa wa madai, si wa jinai. Nakala ipo kwenye jalada, hiyo ya mwiko achana nayo. Ila wahi, zuio lina kikomo: miezi 6, na hata likiongezwa halizidi mwaka 1 kwa jumla.

Pwani_Kavu: Huku Kenya tunatumia kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown, 1973. Masharti matatu karibu yale yale, na wabishi wale wale.

Mama_Shamba: Mwaka 1 wakati kesi ya msingi inaahirishwa kila ikitajwa? Afadhali wewe unayelalamika umepewa zuio. Mimi shemeji kaniwekea zuio MIMI, kwenye shamba ninalolima mwenyewe! Mahindi yamekauka. Nikivuna nimedharau amri, nisipovuna ngedere wanavuna, na ngedere hawamo kwenye kesi.

Mwanzisha uzi: Pole mama, lakini huyu kafutia mwiko...

Kigingi_Imara: Mkuu tumekusikia na mwiko wako. Mama, omba Baraza litengue zuio au likuruhusu uvune, hesabu ya magunia iwekwe wazi mpaka hukumu.

Mama_Shamba: Asante mwanangu. Na hao ngedere?

Pwani_Kavu: Fuga mbwa.

Mama_Shamba: Ninaye. Wamemzoea, wanamkanyaga mkia wakipita.

Mwanzisha uzi: Jamani, MWIKO!

Kigingi_Imara: Mama, huyo mbwa ni wa aina gani?