Naomba ushauri: ufunguo wa akiba wa Toyota Wish yenye immobilaiza

Mdau wa Moro
Habari zenu wakuu. Nina Toyota Wish ya 2006 kutoka Japani, nimeinunua mkononi kwa mtu ikiwa na ufunguo mmoja tu, wa rangi nyeusi wenye vitufe vya rimoti. Kinachoninyima usingizi ni kwamba gari hili ndilo linalompeleka mama kliniki, na ufunguo huo huo tunashika mimi, shemeji na dereva.

Nilienda kwa mchonga funguo hapa Morogoro. Kachonga vizuri: mlango unafunguka, swichi inazunguka, dashibodi inawaka, lakini injini inashika kidogo inazima. Nikirudisha ule wa zamani, gari linawaka bila shida. Fundi mwingine anasema dawa ni kuing'oa immobilaiza kabisa, yaani ule mfumo wa kuzuia wizi unaokataa injini iwake kwa ufunguo usioujua. Nikubali? Au nifunge safari ya Dar?

Fundi Umeme Ilala
Mkuu, usikubali kung'oa. Mchongaji kafanya kazi yake, meno yako sawa, kinachokosekana ni chipu. Imo ndani ya plastiki ya ufunguo wako na haitumii betri. Tundu la swichi limezungushiwa koili, ukiingiza ufunguo koili hiyo ndiyo inayoipa chipu umeme wa kujitambulisha. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, isipopata utambulisho inaoujua, inakata mafuta. Betri iliyomo kwenye ufunguo ni ya vitufe vya milango tu, ndiyo maana rimoti ikifa gari bado linawaka.

Bahati yako mmoja unao. Kwa Toyota nyingi za umri huo, ukiwa na ufunguo mkuu, fundi anachomeka mashine kwenye soketi ya chini ya dashibodi na kusajili wa pili, kazi fupi tu. Ukipoteza huo mmoja ndipo balaa linaanza: gari livutwe, boksi lishushwe na kufunguliwa, kumbukumbu isomwe na kuandikwa upya. Hiyo ni pesa nyingine kabisa.

Mama Pendo
Kaka, muulize fundi kama anasajili chipu mpya au anakopi ya zamani. Zote zitawasha. Ila ikikopiwa, gari linaziona funguo mbili kama ufunguo mmoja. Siku mmoja ukiibiwa, huwezi kuufuta ukabaki na mwenzake. Mimi nilidai kusajiliwa.

Halafu simama pale pale akifanya kazi. Wapo wanaoibandika chipu kwa selotepu karibu na swichi, ndani ya kava la usukani, wakakwambia tatizo limekwisha. Baada ya hapo yeyote mwenye ufunguo wa kuchonga anaondoka na gari lako.

Mdau wa Moro
Asanteni sana, kung'oa nimefuta. Nitajuaje kama huu wangu ndio mkuu? Na kuna rimoti ya Toyota ya Uingereza nimeiona mtandaoni, niichukue?

Fundi Umeme Ilala
Mara nyingi mkuu ni mweusi. Wa kijivu ni ule wa kumwachia mtu wa maegesho, unawasha gari lakini hauwezi kusajili mwingine. Rimoti ya Uingereza achana nayo, zile ziko kwenye megahezi 433 na za Japani ziko karibu na 315, milango haitaitikia.

Dar si lazima. Mpigie fundi wa Moro mwenye mashine, mtajie mwaka na namba ya chasisi, aseme kama gari hilo analiweza. Nenda na kadi ya gari na kitambulisho, na fundi asiyeuliza kadi mwogope. Kabla ya kulipa, washa kwa kila ufunguo peke yake, mwingine ukiwa mbali. Zikikaa pamoja, koili inaweza kusoma chipu ya zamani ukadhani mpya imekubali.

Mama Pendo
Na umpigie simu aliyekuuzia, umuulize kama alibaki na kibati kidogo chenye namba kilichokuja na funguo. Kwa namba ile mchongaji anapata meno ya kiwandani, hata kama ufunguo wenyewe umelika.