Naombeni ushauri: trela dogo la kulala kambini, gari langu ni RAV4

BabaWawili_MN
Wakuu habari za majukumu. Niko Minnesota na familia, mimi na waifu na watoto wawili, mmoja ana miaka 6 mwingine 3. Kila kiangazi tunaenda kambi. Mwaka jana tulikuwa kule juu Lake Superior, karibu na Gooseberry Falls, mvua ikaanza usiku na hema likaingiza maji, saa tisa usiku nahamisha watoto mmoja mmoja kuwapeleka kwenye gari, yule mdogo blanketi lake linachuruzika kabisa na anatetemeka. Waifu kasema hema basi, na mimi namuunga mkono.

Sasa nataka trela dogo jepesi, lenye kitanda, jiko dogo la gesi na paa la kueleweka, choo sio lazima maana kambi za serikali vyoo vipo. Gari ni RAV4 2020 ya petroli, ile ya kawaida, kitabu kinasema inavuta pauni 1,500. Nimeona trela la mtumba limeandikwa pauni 1,300, muuzaji anasema RAV4 inalibeba bila shida. Bajeti yangu dola 9,000. Nichukue?

Dereva_wa_48
Mkuu usichukue, subiri kwanza. Mimi naendesha malori huku mwaka wa 11 sasa na kitu kinachowaponza watu ni hiyo namba ya kwenye tangazo. Hizo pauni 1,300 ni trela tupu, halina maji, halina gesi, halina hata kijiko. Piga hesabu na mimi: maji galoni moja ni pauni 8 na kitu, kwahiyo katanki ka galoni 12 tu ni pauni 100. Mtungi wa gesi ule wa pauni 20 ukiwa umejaa ni kama 37 maana na chuma chake kinahesabika. Betri 50. Hapo hujaweka magodoro, mashuka, sanduku la barafu la chakula, viti, baiskeli za watoto, sufuria. Utafika 1,700 na hujui umefikaje.

Halafu kuna uzito unaokaa juu ya hichi yenyewe, kile chuma cha nyuma ya gari kinachoshika trela, ule unaotakiwa uwe asilimia 10 mpaka 15 ya trela zima, huo nao unahesabika kama mzigo ndani ya gari lako. Fungua mlango wa dereva, kuna stika imeandikwa watu na mizigo visizidi pauni kadhaa. Toa uzito wenu wanne, toa mizigo ya buti, toa na huo wa hichi, uone kinachobaki.

Usipunguze uzito wa mbele ili upate unafuu kwenye hichi, trela lenye uzito mwingi nyuma linaanza kucheza mkia, lori likikupita tu kwenye highway linakuvuta kushoto kulia. Nimeona moja limelala ubavu, vyombo vya watu na midoli ya watoto vimetapakaa barabarani, sijasahau. Na ikikutokea siku yoyote usikanyage breki ya gari kwa nguvu, achia mafuta, shika usukani uwe umenyooka, na kama trela lina breki zake zibonyeze kwa mkono.

Swali: nyumbani hamna gari lingine?

MamaK_Texas
Pole sana kaka kwa hayo ya mvua, hilo la mtoto limenigusa.

Mimi naongezea upande wa trela lenyewe kwasababu nilichomwa. Tulinunua la mtumba kwa mtu, kuta za fremu ya mbao, ndani kapaka rangi nyeupe inang'aa na kaweka mapazia mapya nikapenda. Wiki ya tatu nafuta pembeni ya dirisha, kidole kikazama ukutani kama nimegusa mkate uliolowa. Mbao zote za kona ile zilikuwa zimeoza, maji yalikuwa yanaingilia juu kwenye paa miaka na miaka. Kutengeneza ilikuwa ghali kuliko tulivyonunulia.

Kwahiyo ukienda kuona, usiangalie mapazia. Bonyeza kona zote kwa kidole gumba, chini ya madirisha, kuzunguka kile kidirisha cha paani, na sakafu karibu na mlango. Ukuta wa nje ukiwa umevimba kama malengelenge, ondoka. Funga mlango ukae ndani dakika tano unuse, unyevu haujifichi. Na tairi, soma tarakimu nne za mwisho za ile namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, mfano 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018, tairi la trela linazeeka hata kama halijatembea.

Sasa hivi tuna la fibaglasi, yale ya umbo la yai, maganda mawili yameungana katikati kwahiyo mishono ni michache na ukuta hauna mbao ya kuoza. Madirisha bado yanaweza kuvuja ila unaziba mwenyewe. Wewe uko pazuri maana Scamp, moja ya kampuni za matrela hayo, wanatengeneza hukohuko kwenu, Backus, sisi huku Texas tuna Casita. Yakiwa mtumba hayashuki bei sana, uvumilie kutafuta.

BabaWawili_MN
Dah asanteni sana, nimetoka parking sasa hivi. Stika ya RAV4 nimeisoma, nikitutoa sisi wanne na mizigo ya kawaida kinachobaki ni kidogo mno. Hilo trela nimeliacha.

Gari lingine lipo, waifu ana Highlander 2016 ya V6, nilikuwa siifikirii kwasababu inakula mafuta. Kitabu chake kinasema 5,000 na hichi ipo tayari. Ila plagi ya nyuma ina vipini vinne tu, inatosha?

Dereva_wa_48
Hapo sasa umenifurahisha mkuu. Vipini vinne ni taa tu: indiketa, breki na zile za usiku. Breki za umeme za trela zinataka plagi ya vipini saba na kile kiboksi cha kontrola kinachokaa chini ya dashibodi, fundi yeyote wa hichi anakufungia. Minnesota sheria inadai breki kuanzia pauni 3,000, lakini mimi hata la 2,000 nikiwa na watoto nyuma nataka liwe na breki zake. Ukipata trela, lipakie kila kitu kama mnasafiri, maji yakiwemo, upite kwenye mizani ya malori kabla hamjaenda mbali. Hata magari madogo wanapima.

BabaWawili_MN
Sawa mkuu. Fundi nampigia Jumatatu, plagi ianze ndio trela lifuate. Dada MamaK, hiyo ya kubonyeza kona nimemsomea waifu, kasema siku ya kukagua anakuja yeye.