Mjadala: Montreal walimuuza P.K. Subban kwa sababu ya mpira au kwa sababu ya tabia?

Beki_wa_Theluji (Toronto)
Wakuu, naleta hoja, tujadili kwa data. Tarehe 29 Juni 2016 timu ya hoki ya barafuni ya Montreal Canadiens ilimtoa beki wao P.K. Subban kwenda timu ya Nashville wakamchukua Shea Weber, mtu kwa mtu. Subban alikuwa na miaka 27, Weber anakaribia 31. Subban alishachukua tuzo ya Norris mwaka 2013, ile ya beki bora wa NHL, ligi ya hoki ya Marekani na Kanada. Weber hakuwahi kuichukua mpaka anaacha kucheza. Mkataba wa Subban ulikuwa wa miaka 8 kwa dola milioni 72, na ndani yake kulikuwa na kipengele cha kumlinda asihamishwe bila ridhaa yake. Kipengele hicho kilikuwa kinaanza 1 Julai 2016. Walimuuza siku mbili kabla. Siku mbili! Mimi nasema mpira haukuwa sababu. Walichoshwa na mtu mweusi anayecheka kwa sauti. Karibuni.

Mgosi wa Milimani
Unakimbilia rangi haraka mno. Weber aliwafaa. 2018 akapewa unahodha, 2021 akawafikisha fainali ya Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL. Subban akiwa Montreal alifika fainali ipi? Weber ana dhahabu mbili za Olimpiki, Vancouver 2010 na Sochi 2014. Mwaka 2024 kaingia Ukumbi wa Heshima wa hoki. Subban jina lake liliruhusiwa kufikiriwa 2025, mabeki Chara na Duncan Keith wakaitwa, yeye akaachwa. Timu haijengwi na mtu mmoja anayejipenda. Subban hakuwa na adabu, tusizungukane.

Kitindamimba_254
Si hata Subban ana dhahabu ya Sochi? Ama nimechanganya?

Mzee wa Hesabu
Anayo. Alicheza mechi moja tu, zingine kocha alimwacha nje, na huyo ndiye aliyekuwa ametoka kuchukua Norris mwaka mmoja nyuma.

Nirudi kwenye hoja. Subban NHL: mechi 834, mabao 115, pasi za mabao 352, jumla pointi 467. Weber: mechi 1,038, mabao 224, jumla pointi 589. Gawanya pointi kwa mechi uone: wanalingana karibu kabisa, wote wawili ni kama 0.56. Weber ni mfungaji zaidi, shuti lake liliwahi kupimwa maili 108.5 kwa saa. Subban ni mtoaji wa pasi na mbebaji wa mpira kutoka nyuma. Kwa hiyo kimpira unaweza kutetea upande wowote. Swali gumu ni umri na mkataba. Weber mkataba wake ulikuwa unaisha 2026, na mwili ulimkatalia. Baada ya fainali ya 2021 hakucheza tena hata mechi moja.

Shangazi wa Tennessee
Mgosi, "hakuwa na adabu" maana yake nini? Alimtukana nani? Taja jina. Huyo kijana Septemba 2015 alisimama akaahidi kuchangisha dola milioni 10 kwa hospitali ya watoto ya Montreal ndani ya miaka 7. Haijatimia miezi kumi wamemuuza. Na baada ya kuuzwa hakuwatupa wale watoto. Kaja kwetu Nashville, msimu wake wa kwanza tu tukaingia fainali, 2017, mara ya kwanza tangu timu ianzishwe. Mji mzima ulivaa njano. Huyo ndiye asiye na adabu?

Mgosi wa Milimani
Shangazi, fainali mlifungwa na Pittsburgh mechi 4 kwa 2, na mwaka 2019 ninyi wenyewe mkampeleka New Jersey. Mbona hamkumng'ang'ania?

Shangazi wa Tennessee
Tulimpeleka kwa ajili ya nafasi ya mishahara, maana ligi ina ukomo wa bajeti na dola milioni 9 kwa mwaka si kidogo. Hakuna kiongozi wa Nashville aliyemfundisha jinsi ya kucheka. Wewe hujajibu nilichokuuliza. Alimtukana nani?

Beki_wa_Theluji (Toronto)
Hatajibu, Shangazi. Nimsaidie kumbukumbu. Novemba 2010, kijana hata msimu mmoja kamili hajamaliza, nahodha wa Philadelphia Mike Richards alisema hadharani kwamba Subban lazima ajifunze kuheshimu wenzake. Kosa lake? Kuongea uwanjani na kupiga watu vikumbo halali. Januari 2013 kocha Michel Therrien akawakataza, yeye na kipa Carey Price, ile salamu yao ya kugongana mikono mara tatu baada ya ushindi. Watu wawili wamefurahi, kocha anakataza! Msimu huohuo Subban akachukua Norris. Februari 2016 dhidi ya Colorado akapoteza mpira, ikawa bao, Therrien akaenda mbele ya waandishi akamlaumu yeye peke yake. Mwaka mmoja baadaye Therrien mwenyewe kafukuzwa, Subban hayupo hata wa kusingiziwa.

Na Mei 2014, alipowafunga Boston bao la ushindi katika muda wa nyongeza, mtandao ulijaa matusi ya rangi mpaka klabu ya Boston yenyewe ikatoka kulaani. Kwa hiyo rangi sikuileta mimi.

Mgosi wa Milimani
Sasa Montreal wote wabaguzi? Mashabiki waliokuwa wanalia siku anaondoka nao wabaguzi? Kuwa makini na maneno.

Beki_wa_Theluji (Toronto)
Soma tena. Mashabiki sikuwagusa popote. Nimesema walioamua.

Mgosi wa Milimani
Mimi nitasema ukweli ambao wengi mnauogopa. Tatizo ni malezi. Baba yake alikuwa anamtoa kitandani usiku, mtoto wa miaka minne mitano, anampeleka kwenye barafu wakati wenzake wamelala. Mtoto wa namna hiyo hukua akidhani taa zote zimewashwa kwa ajili yake. Mimi nayaita mateso.

Shangazi wa Tennessee
Hapo umenigusa pabaya. Mzee Karl Subban usimguse! Katoka Jamaika ana miaka 12, kafikia Sudbury, Kanada, kwenye baridi ya kuua mtu, kasoma, kawa mwalimu, kapanda mpaka mkuu wa shule huko Toronto, kwenye shule ambazo wengine walikuwa wanakwepa kufundisha. Usiku ule unaousema alikuwa ametoka kazini, na barafu ya uwanja wa mbele ya ukumbi wa jiji, Nathan Phillips Square, ilikuwa ya bure. Angempeleka saa ngapi, mtu anayefanya kazi mbili? Watoto watano. Mabinti wawili walimu. Vijana watatu wote wamechaguliwa na timu za NHL: P.K. 2007, Malcolm 2012, Jordan 2013. Nionyeshe nyumba yako kwanza ndipo uongee malezi.

Mwana wa Kisauni
Mgosi kaka yangu, huku kwetu mtoto anaamshwa alfajiri kwenda chuoni kusoma Kurani na hakuna anayeita mateso. Wengi wetu tumelelewa hivyo na tunawashukuru wazee.

Abu Salma
Ndugu yangu wa Kisauni, usifananishe chuo na mchezo. Chuo ni wajibu wa mzazi mbele ya Mola wake. Kuteleza kwenye barafu ni starehe. Mifano mingine muiache.

Mwana wa Kisauni
Sheikh, sijafananisha hadhi. Nimesema habari ya saa. Mtoto kuamka mapema hafi.

Abu Salma
Umefananisha. Maandishi yako yako pale juu.

Mama Edmonton
Naomba niingilie kama mzazi. Mwanangu anacheza hoki, ana miaka 10, na mazoezi ya watoto huku mara nyingi hupangwa saa kumi na mbili asubuhi au kabla, kwa sababu jioni barafu imeshachukuliwa na wakubwa. Kila mzazi hapa, mweupe kwa mweusi, anamtoa mtoto kitandani gizani. Sijasikia baba Mzungu akiitwa mtesaji kwa hilo. Huitwa mzazi anayejitolea. Ndiyo maana neno la Mgosi limeniuma. Mimi nimekaa kwenye yale mabenchi ya baridi, najua ni nani anayesifiwa kwa kushangilia na nani anayeambiwa atulie kwa kushangilia kulekule. Willie O'Ree alikuwa mweusi wa kwanza NHL, 18 Januari 1958, tena mechi yake ya kwanza ilikuwa Montreal akiwa na Boston. Alicheza akiwa haoni kwa jicho la kulia, na matusi mengi aliyameza kimya. Watu wanapenda kumsifu O'Ree kwa ule ukimya. Subban hakunyamaza, na hilo ndilo hawakumsamehe. Januari 2022 mdogo wake Jordan alifanyiwa ishara ya nyani uwanjani huko Florida, na aliyefanya akafungiwa msimu mzima uliobaki. Sasa niambieni malezi ya nani yana tatizo.

Mgosi wa Milimani
Dada, nakuheshimu, lakini mimi nilizungumzia usiku, wewe unazungumzia asubuhi. Si kitu kimoja.

Mzee wa Hesabu
Wadau, kuna mtu atagusa suala la umri na mkataba? Niliuliza tangu juu.

Kitindamimba_254
Wazee, hoki pia Kenya iko. Ice Lions walikuwa wanafanya mazoezi pale Panari, Mombasa Road, uwanja mdogo na hakukuwa na timu nyingine nchini ya kucheza nayo. 2018 wakaalikwa Kanada, wakacheza mechi na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wamevaa jezi yao! Mimi nilitazama ile video na machozi. Kwa hivyo msiseme ni starehe ya watu wengine.

Abu Salma
Mimi sikusema ya watu wengine. Nilisema starehe.

Beki_wa_Theluji (Toronto)
Mzee wa Hesabu, nakujibu mimi. Kwa umri na mkataba, Montreal walichukua mtu mkubwa kwa miaka mitatu na ushee, mwenye deni la miaka kumi mbele. Wakampata kwa misimu mitano, fainali moja, kisha wakabaki na mkataba wa mtu asiyeweza kucheza. Subban naye mgongo ulimsumbua, New Jersey hakuwa yuleyule, akastaafu Septemba 2022 akiwa na miaka 33. Hata hivyo mwaka huohuo alipewa tuzo ya King Clancy, ya uongozi na kusaidia jamii. Kiongozi! Yule mliyesema hana adabu.

Mgosi wa Milimani
Tuzo ya kusaidia jamii si tuzo ya mpira.

Shangazi wa Tennessee
Ulianza wewe na tabia. Sasa umepewa tabia, unataka mpira.

Bint Rufiji (Scarborough)
Samahani kuwakatiza. Mama Edmonton, nimesoma maneno yako mara mbili. Mwanangu ana miaka sita, shule wamemwalika kujaribu hoki Jumamosi, na mume wangu anasema gharama hatuziwezi. Viatu vya barafu vya mtumba vinafaa?

Mama Edmonton
Vinafaa sana mdogo wangu, watoto wanakua haraka, usinunue vipya. Vijaribu na soksi nyembamba, visigino visiyumbe, halafu vipeleke vinolewe kabla hajaingia navyo. Helmeti usichukue ya mtumba, hiyo nunua mpya na uangalie tarehe. Uliza klabu kama wana vifaa vya kuazima, nyingi wanavyo ila hawatangazi. Na akipenda kucheza beki, afundishwe mapema kuteleza kinyumenyume, maana kazi nzima ya beki ni kurudi nyuma huku anamtazama adui. Nitumie ujumbe wa faragha namba ya kiatu chake, cha mwanangu cha zamani bado ninacho.

Mgosi wa Milimani
Asimwamshe usiku tu.

Bint Rufiji (Scarborough)
Kaka, mazoezi ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nitamwamsha.