Tupeane uzoefu: Waini na chakula cha jioni cha nyumbani, nini kinaendana na nini?

Mleta uzi (Dar):
Wakuu, salaam. Wanywaji mje huku, na wasiotumia karibuni pia, jikoni hatubaguani.

Ukitafuta maelekezo ya waini na chakula unapewa jibini na nyama ya ng'ombe iliyoiva nusu. Mimi jioni nina ugali, wali wa nazi, rosti, na pilipili ya ndimu pembeni. Kwa hiyo tuseme ya kwetu: ulipika nini, ulifungua nini, ikawaje?

Naanza. Ile kanuni ya nyekundu kwa nyama na nyeupe kwa samaki nimeiacha. Mimi naangalia mchuzi. Kuku yule yule ukimchoma kwa chumvi, ukimpika rosti, au ukimtia tui, umepata vyakula vitatu visivyojuana. Kuku wa nazi namnywea Chenin Blanc kavu, yaani nyeupe isiyo na utamu, imepoa sawasawa. Tui zito linagandia ulimi, ule uchachu unalisafisha, na tonge linalofuata unalitamani kama la kwanza. Rosti ya nyanya naipa nyekundu nyepesi yenye uchachu wake, maana nyanya ni chachu, na waini isiyo na uchachu ukiiweka karibu nayo inapooza kabisa.

Namna ninavyoonja ni rahisi. Piga funda moja kabla hujala, kula tonge mbili, rudia funda. Ikiwa waini imegeuka chungu au imeanza kuchoma, hao wawili hawapatani, hata kama chupa ni ya bei mbaya.

Halafu jamani, friji! Wanaosema nyekundu inywewe kwa joto la chumba, vyumba vyao ni nyuzi 16 hadi 18. Chumba changu Februari kinapita 30. Nyekundu iingie friji nusu saa kabla ya kula, la sivyo utasikia harufu ya spiriti tu.

Mzee wa Area C (Dodoma):
Mleta uzi umeanza vizuri, ila umetaja Chenin bila kutaja kwetu. Huku Dodoma ipo, pamoja na nyekundu yetu ya Makutupora. Wamisionari walileta mizabibu kwa ajili ya divai ya misa, leo ni zao la biashara. Na tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu huku hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Ukiupogoa, unachipua. Wenzetu wa Ulaya wanasubiri mwaka mzima.

Sasa chakula. Watu wote mnakimbilia mbuzi choma na nyekundu kavu, na ni kweli, mafuta na chumvi ya nyama vinapunguza ukakasi. Lakini mimi nataka kuwaambia habari ya mlenda. Wageni wanaogopa utelezi wake. Ugali wa uwele, mlenda wa karanga, na nyeupe kavu ya baridi: utelezi wote unaondoka, unabaki na karanga mdomoni. Mwanangu alinicheka nilipofungua chupa mbele ya chungu cha mlenda. Siku hizi akija likizo anaulizia kama ipo kwenye friji. Nyekundu usijaribu hapo, uchungu wa majani na ukakasi wa waini vikikutana unakuwa kama unatafuna gome.

Mleta uzi:
Shikamoo mzee. Mlenda sikuuwaza kabisa. Jumamosi hii naupika.

Mzee wa Area C:
Marahaba. Usiweke nyanya nyingi.

Mama Pilau (Tanga):
Kwangu ni pilau ya ng'ombe, na nimetulia kwenye nyekundu iitwayo Syrah. Waini hiyo ina harufu ya pilipili manga kwa asili yake, kwa hiyo binzari nyembamba, mdalasini na karafuu vinaikuta imeshajiandaa. Shemeji yangu, ambaye huwa anakunywa bia tu, ndiye aliyeanza kuuliza "ile ya pilau iko wapi?"

Tatizo si pilau. Tatizo ni kachumbari! Kitunguu kibichi na ndimu havimwachi mtu. Unameza kachumbari, unapiga funda, waini yote imekuwa kama maji ya chuma. Dawa yangu: kitunguu nakiosha kwa chumvi mara mbili, ndimu napunguza, na kachumbari inakaa kwenye bakuli lake, anayetaka ajipakulie.

Na wanaopenda pilipili wasikie hili. Kileo kinazidisha moto wa pilipili, na ukakasi unaongeza. Nyekundu nzito ya asilimia 14 na pilipili mbuzi ni kujitafutia machozi. Kukiwa na moto, tafuta nyeupe nusu tamu yenye kileo kidogo. Utamu unatuliza.

Ngalawa (Mombasa):
Mimi situmii, ila nasoma na njaa inaniuma. Hayo mnayosema sisi tunayafanya kwa juisi. Samaki wa kupaka na juisi ya ukwaju isiyo na sukari nyingi, ni kazi ile ile ya uchachu kukata nazi. Na juisi ya rozela ina ukakasi kama wa hiyo nyekundu yenu, kwa hiyo naiweka kwa mishkaki, siiweki kwa samaki. Endeleeni.

Mama Pilau:
Ngalawa, wewe ungekuwa mwonjaji mzuri kupita nusu ya waliomo humu.

Sato Mbichi (Mwanza):
Nyeupe kwa sato sina ubishi, hasa akikaangwa akawa mkavu. Ila kuna kitu hakisemwi: dagaa na nyekundu. Ni vita. Mdomo unabaki na ladha ya msumari. Nilisoma kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye nyekundu yanagombana na mafuta ya samaki, na dagaa ndio samaki mzima mzima, kichwa na utumbo. Nyeupe yenye mapovu ndiyo iliyoniokoa. Mapovu na kitu kilichokaangwa wanapendana, jaribuni hata kwa sambusa.

Mtu wa Mtaa (Dar):
Nyie wote mnajikweza. Dompo na mishkaki, habari imeisha.

Mleta uzi:
Mkuu, dompo hatuidharau, lakini ni tamu na ni kali. Mishkaki ya pilipili na kile kileo, hapana. Ihamishie mwisho wa mlo: kaimati, visheti, au kashata ya karanga. Waini ikizidiwa utamu na kitafunwa inaonekana chachu, na dompo haizidiwi utamu na kitu chochote.

Mtu wa Mtaa:
Dompo na kashata?? Haya, nitaleta mrejesho.

Sombe Ulaya (Brussels):
Mimi wa Lubumbashi. Huku sombe (kisamvu chenu) inapatikana imegandishwa, naipika na mawese na samaki mkavu. Nyekundu nzito iliharibu kila kitu. Rafiki wa kazini akanipa Beaujolais, nyekundu nyepesi ya Ufaransa, zabibu yake ni Gamay, ukakasi kidogo sana, inanywewa ikiwa na ubaridi. Pamoja na mawese ni vizuri mno. Nyumbani wanaamini nimekuwa mzungu.

Dada wa Sinza (Dar):
Swali la kizembe: nakaa peke yangu, chupa siimalizi. Naitupa?

Mleta uzi:
Usitupe dada! Rudisha kizibo, weka friji hata kama ni nyekundu, siku tatu nne inanyweka. Au nunua ya boksi: ule mfuko wa ndani unajikunja kadiri unavyomimina, hewa haiingii, inakaa wiki kadhaa. Ikishachacha, ile nyekundu lazia nyama ya ng'ombe ngumu usiku kucha na kitunguu saumu.

Dada wa Sinza:
Asante kaka. Na kisamvu cha nazi? Hakuna aliyekigusa.

Mama Pilau:
Kina karanga au hakina?

Dada wa Sinza:
Kina karanga na nazi, mama.

Mama Pilau:
Basi Chenin ile ile ya kuku wa nazi, mwanangu, lakini iliyokaa kidogo kwenye pipa la mwaloni kama utaipata. Karanga zinataka waini yenye mwili, yaani inayojaa mdomoni.

Mzee wa Area C:
Napinga. Kisamvu kina uchungu, mwaloni nao una uchungu wake. Isiyopita kwenye pipa.

Mama Pilau:
Mzee, njoo Tanga nikupikie, ulete chupa zote mbili.