Hivi hii Bullet Seed ya Ivysaur nani aliipitisha?

Wakuu, nina hasira, na leo sitaki kuambiwa "tulia, ni gemu tu."

Wachezaji wa Super Smash Bros. Ultimate, gemu la mapigano la Nintendo, mnamjua Ivysaur, yule kiumbe wa mimea mwenye ua lisilochanua mgongoni, mmoja wa wale Pokémon watatu wa Pokémon Trainer, mhusika anayewapokezanisha uwanjani. Squirtle sina ugomvi naye. Charizard tunamalizana kiume. Huyu wa majani ndiye anayenitoa roho, tena kwa kitufe kimoja: hiyo Bullet Seed, shambulizi lake la kufyatua mbegu kwenda juu.

Unashuka kutoka juu, kuruka kwako kwa pili umeshakutumia. Yeye yuko chini anakusubiri. Anabonyeza. Pigo la kwanza linakunyanyua na kukuweka palepale mbegu zinapopita, halafu kidole hakitoki kwenye kitufe. Ta-ta-ta-ta-ta! Namba ya dameji yako, yaani madhara uliyopata, inakimbia, ilikuwa nyeupe, mara njano, mara inaelekea wekundu, na wewe umening'inia kama nguo kwenye kamba. Mbegu zikikatika bado uko hewani, juu ya kichwa chake, unaanza upya kuwaza utatua wapi. Na kwenye mechi ya mmoja kwa mmoja isiyo na vitu vya kuokota, gemu lenyewe linazidisha dameji mara 1.2. Asante sana.

Najua wajuaji wameshaanza kuandika: "Si uchezeshe kijiti cha kidhibiti utoke?" Kila mbegu ikikugusa picha inaganda kidogo sana, na ukigonga kijiti pembeni wakati huohuo unasogea. Ukigonga vya kutosha unachomoka ubavuni. Tukiwa chumba kimoja, mbele ya skrini moja, natoka. Mtandaoni je? Gemu hili linasubiri amri za wote wawili ndipo lisonge mbele. Intaneti ya mwenzako ikisuasua, kijiti ulichogonga sasa hivi kinasikika mbegu kadhaa zimeshakupita tumboni. Unagonga kama kichaa na mwili hausogei.

"Akikosa anabaki wazi." Kweli, akikosa anamwaga mbegu angani huku ubavu uko wazi, unamfuata unamtandika. Ila anayeijua hakosi. Anakutishia kwanza, wewe kwa woga unakwepa, na kukwepa hewani ni mara moja tu mpaka uguse ardhi. Hapo umekwisha, anabonyeza kwa raha zake.

Mliocheza Brawl, Smash ya 2008, mtakumbuka, shambulizi hili lilikuwepo lakini mwenyewe alikuwa analilipia. Pokémon akikaa uwanjani muda mrefu alichoka, mapigo yakapungua nguvu, na moto ulimuuma Ivysaur kuliko wengine. Smash ya 2014 Ivysaur hakuwepo kabisa, akabaki Charizard peke yake. Enzi za amani zile! Aliporudi kwenye Ultimate, 2018, uchovu ukafutwa, udhaifu wa moto ukafutwa, na kubadilishana na wenzake kukawa kwepesi hata akiwa hewani. Yaani anakujaza dameji kwa mbegu, kisha anamwita Charizard aje akumalizie.

Dameji hiyohiyo ningeipokea kutoka kwa mtu aliyeunganisha mapigo kwa akili, akasoma naelekea wapi, akanifuata, ningemvulia kofia. Huyu anasoma nini? Ameshikilia kitufe, anaweza hata kunywa maji kwa mkono wa pili.

Marekebisho ya mwisho ya nguvu za wahusika yalikuja na sasisho la 13.0.1, mwishoni mwa 2021, kwa hiyo hakuna wa kumsubiri aje apunguze chochote. Nataka kujua kitu kimoja tu: nyie mnaotumia miili mikubwa, Bowser, King Dedede na wenzao, mtandaoni mnatokaje humo?

Na anayekuja na "jifunze kucheza" ataje kwanza anamtumia nani. Akiwa wa Pokémon Trainer simjibu.