Ihefu 2, Yanga 1: tumeshinda kwa kiwango au kwa uwanja?

Mwanzisha mada, Rujewa

Ndugu wadau, jana Jumanne, tarehe 29 Novemba 2022, Ihefu iliifunga Yanga mabao 2-1 katika Uwanja wa Highland Estates, Ubaruku, mkoani Mbeya, na kukatisha mfululizo wa michezo 49 ya Ligi Kuu ambayo Wananchi, yaani Yanga, walikuwa wamecheza bila kupoteza tangu walipofungwa na Azam mwezi Aprili 2021. Rekodi iliyotangulia ilikuwa ya Azam wenyewe, michezo 38. Kwa hiyo hakuna anayebisha kwamba lililotokea ni jambo kubwa, na mimi nilishangilia kama wengine. Ninachoomba ni kwamba sasa tuzungumzie namna tulivyocheza, kwa sababu tangu jana jioni kila anayeuliza swali kuhusu kiwango anaambiwa kwamba ni Yanga aliyejificha.

Yanga walitangulia katika dakika ya 8 kupitia Yannick Bangala. Kwa timu iliyoingia uwanjani ikiwa katika eneo la kushuka daraja, bao la mapema namna hiyo kwa kawaida huwa mwanzo wa mafuriko, na nakiri kwamba nilikwisha kuanza kuhesabu. Timu haikuvunjika. Never Tigere alisawazisha kwa mpira wa adhabu katika dakika ya 38, tukaenda mapumziko tukiwa sawa, na Lenny Kissu akafunga la pili katika dakika ya 62. Baada ya hapo tulikuwa na karibu nusu saa ya kulinda tulichokipata, na tukakilinda.

Hoja yangu ni hii. Mpango wa jana ulifaa kwa sababu Yanga ndio waliobeba jukumu la kuutafuta mchezo. Walitaka mpira, tukawaachia. Walisogea mbele, tukasubiri makosa yao na mipira iliyosimama. Polisi Tanzania hawatakuja Ubaruku kutufanyia hisani hiyo, wala Ruvu Shooting. Watakaa nyuma kama tulivyokaa sisi jana, watatuachia mpira, na hapo ndipo tutakapojua kama tuna viungo wanaoweza kuufungua ukuta. Ligi ina timu 16. Mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, na za nafasi ya 13 na 14 zinakwenda kwenye mchujo. Pointi tatu za Yanga ni pointi tatu tu, ilhali pointi tatu za Polisi Tanzania zinakupandisha wewe na kumwacha jirani yako wa chini palepale alipo. Je, kiwango cha jana kinatupa sababu ya kuamini kwamba Mbogo Maji, yaani Ihefu yetu, watabaki, au tumeona timu inayojua kucheza na wakubwa peke yao?

Shabiki wa Yanga, Mwanjelwa

Hongereni. Nasema hivyo bila kinyongo, ingawa nyumbani kwangu jana hakuna aliyenipa chakula kabla ya kunikumbusha matokeo. Lakini mwanzisha mada amelipita jambo moja kwa haraka mno. Yanga ya kocha Nasreddine Nabi inajengwa juu ya pasi za chini zinazoanzia kwa mabeki, na katika eneo la kuchezea ambalo mwenyeji analijua kila kona huku mgeni akilikanyaga kwa mara ya kwanza msimu huu, pasi hizo zinafika zikiwa zimechelewa kidogo. Kuchelewa huko kidogo ndiko kulikowapa muda wa kujipanga. Ongezeni ratiba: mwezi huuhuu timu ilikuwa Tunis kuitoa Club Africain katika Kombe la Shirikisho la Afrika, ikarudi na kuendelea na ligi bila kupumua. Kwa hiyo mimi nauona ushindi wenu kuwa halali kabisa, ila sioni ndani yake ushahidi wa kiwango. Mchezo huo ukirudiwa mara kumi, Yanga wanashinda nane.

Mkulima wa mpunga, Ubaruku

Michezo 49 haikuchezwa yote kwenye nyasi za Uwanja wa Benjamin Mkapa. Yanga walizunguka nchi nzima katika viwanja vya kila aina, wakashinda au wakatoka sare, na hatukusikia habari za pasi kuchelewa. Uwanja ukiwa mbaya kwa aliyefungwa tu, huo ni utetezi, si uchambuzi.

Tena naomba wenzetu wa Dar es Salaam waache kuandika kwamba Yanga walishindwa na baridi ya Mbeya. Baridi iko huko Uyole na Tukuyu. Ubaruku iko chini, katika bonde la Usangu, na alasiri ya Novemba huku ni joto la kukausha mdomo. Walioteseka na hali ya hewa walikuwa wachezaji wote ishirini na wawili.

Mwalimu wa timu ya vijana, Iringa

Nimeufuatilia mchezo kupitia televisheni, kwa hiyo yapo ambayo waliokuwa uwanjani wameyaona vizuri zaidi. Nakubaliana na mwanzisha mada kuhusu hofu yake, lakini sikubaliani na namna anavyoitenganisha kazi ya kujilinda na neno kiwango, kana kwamba kiwango ni kumiliki mpira peke yake. Kulinda bao kwa nusu saa mbele ya mabingwa waliomaliza msimu uliopita bila kupoteza mchezo hata mmoja kunahitaji mabeki wanaozungumza, viungo wanaorudi kwa wakati, na mshambuliaji anayekubali kukimbia nyuma ya mpira akijua kwamba huenda asiuguse kwa dakika tano. Hayo yanafundishwa mazoezini. Timu isiyo na kiwango haiwezi kuyafanya kwa bahati kwa muda wote huo. Itayafanya dakika kumi, kisha mtu mmoja atatoka nje ya mstari na mpira utakuwa wavuni.

Jambo la pili ni mpira wa adhabu wa Tigere. Yako maoni yanayolitaja bao lile kama zawadi. Mzimbabwe huyu alikuwa akifunga mabao ya namna hiyo tangu alipokuwa Azam, na timu ndogo inayomsajili mtu wa aina yake inajua inachonunua: njia ya kufunga isiyohitaji umiliki wa mpira. Huo ni usajili wenye akili. Wasiwasi wangu ni kwamba njia hiyo inapitia katika mguu wa mtu mmoja, na akiumia au akikusanya kadi, sijui nani atakayesimama nyuma ya mpira.

Sasa niseme linalonisumbua kwa kweli, na hapa nazungumza kama mtu wa Iringa. Mwaka 2019 timu yetu, Lipuli, iliifunga Yanga mara mbili pale Uwanja wa Samora. Mwezi Machi tuliwafunga 1-0 katika ligi, na mwezi Mei tukawafunga 2-0 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Mji ulilala mchana. Tukaenda fainali Lindi, tukafungwa na Azam bao moja. Aliyekuwa akituambia wakati ule kwamba timu ina tatizo tulimwona mchawi. Kocha Selemani Matola akaondoka, wachezaji wakatawanyika, na msimu uliofuata, wa 2019/20, Lipuli ikashuka daraja. Hadi leo Samora haijaiona tena Lipuli katika Ligi Kuu. Ushindi dhidi ya Yanga ulitupa jina, na jina hilo likawa tangazo la biashara kwa wachezaji wetu kuondoka. Kwa hiyo swali ambalo ningewauliza viongozi wa Ihefu asubuhi ya leo ni la mikataba: Tigere, Kissu na mabeki waliosimama jana wamebakiza muda gani? Dirisha dogo la usajili linafunguliwa mwezi ujao, na simu zimeshaanza kupigwa.

Mdau wa Sokoine, Mbeya mjini

Mwalimu amezungumza vizuri, lakini nadhani tunazunguka pembeni ya suala la fedha. Mikataba inasainiwa kwa fedha, na timu inayocheza na Yanga katika uwanja mdogo, zaidi ya kilomita mia moja kutoka mjini, inajinyima mapato ya mlangoni ya siku mbili kubwa kuliko zote kwa msimu. Michezo ya Simba na Yanga ingeletwa huku mjini, Uwanja wa Sokoine. Watu wa Mbeya mjini, wa Tunduma, wa Kyela na wa Tukuyu wangejaa, na fedha hizo ndizo ambazo zingewazuia Tigere na wenzake wasiondoke.

Na kama hofu ni kwamba Sokoine si nyumbani, kumbukeni mwezi Januari mwaka huu Mbeya City iliifunga Simba pale kwa bao la Paul Nonga, ikamaliza na wachezaji kumi baada ya kadi nyekundu, na Simba wakakosa penalti. Msimu wa 2013/14 Mbeya City hiyohiyo, ikiwa ndiyo kwanza imepanda, ilimaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga na mbele ya Simba, chini ya Juma Mwambusi, na Sokoine ilikuwa haina pa kukanyaga. Uwanja ule unajua kuwatisha wageni.

Mkulima wa mpunga, Ubaruku

Ulitisha lini ukiwa wa Ihefu? Septemba 2020, mchezo wetu wa kwanza kabisa wa Ligi Kuu, tuliupeleka Sokoine kucheza na Simba. Tulifungwa 2-1 mbele ya jukwaa ambalo sehemu kubwa ilikuwa imevaa nyekundu ya Simba, na mwisho wa msimu ule tukashuka. Jana Yanga walikuja hapa, walikutana na watu wa Usangu, wakafungwa. Mnataka tuuze kitu pekee tulichonacho ili watu wa mjini wasipande basi.

Shabiki wa Yanga, Mwanjelwa

Hapo sasa mmekubali nilichokisema mwanzo, kwamba uwanja ni mchezaji wenu wa kumi na mbili.

Mkulima wa mpunga, Ubaruku

Sijakubali kwamba ndio uliofunga. Uwanja haujui kupiga mpira wa adhabu.

Mwanzisha mada, Rujewa

Nashukuru kwa michango. Nikianza na mdau wa Sokoine, hesabu yake inapendeza lakini inasahau kwamba wapenzi wengi wa soka wa mkoa huu ni wa Simba au Yanga kwanza, na wa timu za nyumbani baadaye. Hilo si kosa lao. Ndivyo tulivyolelewa wote, na hata mimi katika ujana wangu nilikuwa na upande. Ila maana yake ni kwamba ukiupeleka mchezo wa Yanga Sokoine unauza tiketi nyingi na kununua ugenini. Kwa timu ya katikati ya msimamo ambayo haina hofu, pengine biashara hiyo ina faida. Kwa timu iliyo mkiani, pointi tatu za jana zina thamani kuliko jukwaa lililojaa, kwa sababu kushuka daraja kunaondoa mapato ya Simba na Yanga yote, pamoja na mgao wa haki za matangazo.

Kuhusu aliyosema Mwalimu, naridhia kwamba kujilinda vizuri ni kiwango. Nililolikusudia, na labda ningelisema kwa uwazi zaidi, ni kwamba ni nusu ya kiwango, na nusu inayobaki hatujaiona. Katika kikosi cha jana namwona mpigaji wa mipira iliyosimama, naona mabeki wa kati imara, lakini simwoni kiungo wa kupokea mpira akiwa amegeukia lango la mpinzani pale ambapo mpinzani hajatoka kwake. Kwa hiyo dirisha dogo, pamoja na kuwazuia waliopo, litumike kumpata mtu huyo mmoja kabla ya kufikiria mshambuliaji mwingine.

Mfano wa Lipuli umenigusa, ila nauona pia upande wake mwingine. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, ambao nao walikuwa wamepanda tu, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya vigogo wote, na hawakuutwaa kwa kuwafunga Simba na Yanga peke yake. Waliutwaa kwa sababu waliwafunga na wale wa kawaida, katika Jumamosi ambazo hakuna mwandishi aliyepanda gari kwenda kuzitazama.

Mwalimu wa timu ya vijana, Iringa

Kiungo wa namna hiyo hapatikani Januari kwa bei ya timu iliyo mkiani. Wenye naye hawamwachii katikati ya msimu. Ningemtafuta ndani ya kikosi kilichopo, na ningeanza kwa kumsogeza Tigere mbele kidogo katika michezo ya nyumbani dhidi ya timu za chini, nikaweka nyuma yake wakabaji wawili. Atapoteza mipira, na watu watazomea. Lakini atapata faulo karibu na boksi, na tumeona jana anachokifanya nazo.

Mkulima wa mpunga, Ubaruku

Wazomeaji niachieni mimi. Msogezeni.